FATAKI ILIYONYAMAZA HAIJAFA

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, vitendawili na visa vya kuchekesha, na mwaka jana mimi nilikuwa miongoni mwa waliochekesha. Mwaka huu naomba unisamehe. Nataka nieleze jambo ambalo likizo ya Desemba haipiti bila ya kulisikia kwa masikio, nalo ni fataki. Nitaeleza zinavyofanya kazi, kwa nini huumiza watu, na namna ya kuzitumia ili sikukuu isigeuke kilio. Nilipompelekea mwalimu mlezi wa chama mada hii aliniuliza, "Wewe msichana, fataki unazijulia wapi?" Nilimwambia nitamjibu humu humu jaridani. Basi Mwalimu, jibu lako lipo, lakini sharti usome mpaka mwisho.

FATAKI TUNAZOZIJUA

Mimi ni mkaazi wa Changamwe, Mombasa, na kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, sikukuu zote hunikuta mtaani. Na sikukuu za Mombasa si haba. Kuna Idd mbili, kuna Krismasi na Mwaka Mpya, na mwezi wa Oktoba au Novemba kuna Diwali, sikukuu ya taa ya ndugu zetu Wahindi. Baada ya Diwali ndipo fataki huanza kuonekana mikononi mwa watoto wa kila kabila na kila dini. Fataki haina dini, bora upate kiberiti.

Kwa jumla tunazijua za aina nne. Kwanza kuna vile vijiti vya waya vinavyomwaga cheche, ambavyo watu hupenda kuwapa watoto wadogo. Pili kuna fataki za karatasi, nyingine nyembamba zilizofungwa pamoja na kulia mfululizo kama bisi kwenye sufuria, nyingine nene inayolia peke yake. Tatu kuna roketi yenye fimbo, ambayo huchomekwa chupani. Nne ni fashifashi kubwa za angani, zile zinazorushwa na mahoteli saa sita za usiku wa kufunga mwaka, watu wote wakitazama juu midomo wazi.

Ziko pia za kienyeji. Kuna wanaokusanya vichwa vya njiti za kiberiti ili wapate mlio, na kuna wanaowasha waya ya kusugulia sufuria na kuizungusha gizani ili imwage cheche. Hizi sitazieleza zinavyotengenezwa, na utaona sababu. Neno langu kuhusu hizo ni moja tu: usitengeneze. Ile ya dukani angalau aliyeitengeneza alipima. Wewe umepima na nini?

NDANI YAKE MNA NINI?

Moyo wa fataki ni baruti. Baruti ilivumbuliwa Uchina zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na mpaka leo Uchina ndiyo inayotengeneza fataki nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Baruti ya asili ni mchanganyiko wa vitu vitatu: makaa, kiberiti (yaani salfa, ile ya manjano tuliyoiona maabarani) na shura. Shura ni chumvi yenye potasiamu, naitrojeni na oksijeni.

Zile rangi za angani nazo zina siri yake. Strontiamu huleta wekundu, bariamu huleta kijani, shaba huleta buluu, na sodiamu, ambayo imo hata katika chumvi ya jikoni, huleta manjano. Kwa hivyo anayetazama fashifashi anatazama somo la Kemia, ila hakuna mtihani.

Sasa naomba utulie, maana hapa ndipo penye jambo. Moto wa kawaida unahitaji hewa. Ukimwagia mchanga moto wa kuni, unakufa kwa kukosa oksijeni. Baruti haiko hivyo. Ile shura ikipata joto hutoa oksijeni yake yenyewe. Fataki ni kama msafiri aliyebeba chakula chake mfukoni, haombi mtu. Ndiyo maana ukiikanyaga haizimi. Ukiifukia mchangani haizimi. Ukiifunika kwa mkebe haizimi, na hapo umeongeza hatari, kwa sababu gesi inayotoka ndani ikibanwa huupasua ule mkebe na vipande huruka kama risasi. Nimeona vijana wakifunika fataki kwa mkebe wa maziwa ili waone utaruka mpaka wapi. Swali la busara ni, utamwangukia nani?

Kitu kingine ni utambi. Utambi wa fataki si uzi mtupu, ni karatasi au uzi uliotiwa baruti. Ukiuwasha, moto unatembea ndani mpaka uifikie baruti kubwa. Ukiwa mkavu hutembea haraka na kwa mwendo mmoja. Ukipata unyevu, moto hujikokota. Mahali pengine hufifia kabisa, moshi usionekane, kumbe kuna kaa dogo linatambaa ndani ya karatasi. Na sisi watu wa pwani tunajua unyevu. Chumvi ya mezani yenyewe inashikana, sembuse fataki iliyoletwa wakati wa Diwali, ikakaa dukani msimu wote wa mvua za vuli, ndipo ikauzwa usiku wa Mwaka Mpya!

Kwa hivyo fataki isiyolia ina mambo mawili. Huenda imekufa. Huenda inakuja. Na wewe uliyesimama nje huna njia ya kujua ni lipi.

MKESHA WA MWAKA 2024

Haya sikuyasoma kitabuni. Mwaka 2023 nilikuwa nimemaliza darasa la nane na nangoja kuingia kidato cha kwanza. Mwaka huo mvua za El Nino zilinyesha kwa wingi, na mtaani kwetu matope yalikuwa hayajakauka. Usiku wa Desemba 31, wapangaji wote walikuwa nje uani na barabarani, kina mama wakipika, redio zikilia. Mdogo wangu wa kiume, ambaye alikuwa na miaka tisa, alikuwa amenunua fataki kwa pesa zake za Krismasi. Mama aliniambia neno moja tu: "Mwangalie mwenzio." Nikamwambia sawa Mama.

Tuliwasha zile nyembamba, zikalia, tukacheka. Ikabaki moja nene kama kidole gumba. Mdogo wangu akaiweka kando ya mtaro, nikaiwasha mimi, tukarudi nyuma. Utambi ukawaka, ukafika kwenye karatasi, ukanyamaza. Moshi hakuna. Tukahesabu mpaka ishirini.

"Dada, imekufa?" akaniuliza.

"Imekufa," nikamwambia. "Enda kaichukue tuiwashe tena."

Mimi sikwenda kwa sababu nilikuwa nimevaa viatu vipya, na pale kando ya mtaro palikuwa na matope. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Akaenda. Akainama, akaiokota kwa mkono wa kulia, akaisogeza karibu na uso ili aupulizie utambi. Hapo ikalia.

Watu walidhani ni fataki kama zile nyingine, na redio hazikuzimwa. Mimi ndiye niliyeona. Nilipiga ukemi mpaka Mama akaacha mwiko.

Sitaeleza damu. Nitaeleza yaliyofanywa, kwa sababu hayo ndiyo ya kujifunza. Mama jirani mmoja alikuja mbio na dawa ya meno ampake mahali palipoungua. Mwingine alisema unga wa ngano. Wote walikuwa na nia njema. Babu mmoja, mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza alipokuwa akifanya kazi bandarini, akapaaza sauti: "Msimpake kitu! Leteni maji! Na jicho asiliguse mtu!" Akakifunika jicho kwa kikombe cha plastiki bila kukibonyeza, akavifunga vidole vilivyotoka damu kwa leso safi, na ule mkono ulioungua akawa anaumwagia maji ya mtungi kwa kata, polepole, huku mtu mwingine akitafuta tuktuk. Tulikwenda hospitalini njia nzima bado tukimwagia maji mkononi, na fashifashi za mahoteli zikianza kupasuka angani. Zilikuwa nzuri kama kila mwaka.

Mdogo wangu alikatwa kidole cha shahada kwenye kiungo cha kwanza. Ngozi ya mkono ilipona vizuri, na daktari alisema ni kwa ajili ya yale maji. Jicho la kulia linaona mwangaza na vivuli tu. Siku hizi anaandika kwa mkono wa kushoto, na mwandiko wake, niseme kweli, umeanza kuushinda wangu.

MTU AKIUNGUA AU AKIUMIA JICHO

Naandika sehemu hii kando ili hata kama hukusoma kwingine, usome hapa.

Aliyeungua, mwagia maji safi ya kawaida mahali palipoungua kwa dakika 20. Si dakika mbili, ni ishirini, na yasiwe ya barafu. Mvue pete, saa au bangili kabla mkono haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi usiing'oe. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta, asali wala yai. Vitu hivyo hufungia joto ndani au huingiza uchafu, na daktari itambidi avikwangue kwanza, na kukwanguliwa ngozi iliyoungua si jambo la kumwombea mtu. Kisha funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitalini.

Nguo ikishika moto, asikimbie. Kukimbia kunaupa moto upepo. Asimame, alale chini, afunike uso kwa mikono, abingirike.

Aliyeumia jicho kwa fataki, asilisugue hata kidogo. Usilibonyeze, usilioshe, usitie dawa, na kama kuna kitu kimechoma ndani usikitoe. Lifunike kwa kitu kama kikombe ambacho hakiligusi jicho lenyewe, halafu hospitalini moja kwa moja, usiku ule ule, usingoje kupambazuke.

KANUNI ZA KUWASHA

Sikusudii kusema fataki zipigwe marufuku. Mimi mwenyewe bado napenda kutazama fashifashi, na sikukuu isiyo na furaha ni siku kama nyingine. Ila anayewasha ashike haya:

(i) Awashe mtu mzima ambaye hajalewa. Mtoto atazame, asiwashe. Wala si dada wa miaka kumi na minne aliyeambiwa "mwangalie mwenzio". Mwangalizi wa fataki awe mtu mzima hasa.

(ii) Weka karibu ndoo ya maji na ndoo ya mchanga kabla hujawasha ya kwanza. Maji yanayotafutwa baada ya moto yana kawaida ya kutopatikana, hasa mitaa yetu ambayo mfereji hutoa maji siku unayotaka wenyewe.

(iii) Washa moja moja, ikiwa chini mahali tambarare. Nyosha mkono, geuza uso upande, usiinamie. Ukishawasha, rudi nyuma. Kamwe usiwashe ikiwa mkononi, na usimrushie mtu hata kwa mzaha.

(iv) Vaa nguo ya pamba inayokubana kiasi. Nailoni huyeyuka na kugandia mwilini. Leso na buibui zinazopepea zifungwe vizuri au mwenye nazo akae mbali.

(v) Roketi isirushwe karibu na mapaa ya makuti. Kuti kavu na cheche ni ndugu, na nyumba moja ya makuti ikishika moto haiungui peke yake. Pia angalia nyaya za stima, na pikipiki za bodaboda zilizoegeshwa na petroli matangini.

(vi) Usidharau vile vijiti vya cheche kwa kuwa ni vya watoto. Maji huchemka yakifika digrii 100. Kijiti kile hupita digrii 1,000. Mtoto wa miaka mitatu tunamkataza asiguse sufuria ya chai, halafu tunampa kijiti kilicho moto mara kumi ya chai! Kikizima, waya bado una moto, kitumbukize kwenye ndoo.

(vii) Na hii ndiyo mama wa kanuni zote. FATAKI ISIYOLIA, IACHE. Usiisogelee kwa muda wa nusu saa. Weka mtu azuie watoto. Nusu saa ikiisha, mtu mzima aimwagie maji kwa mbali, kisha itiwe ndani ya ndoo ya maji ilale humo mpaka asubuhi. Isiwashwe mara ya pili. Kumbuka, mchanga hauizimi kwa sababu ina oksijeni yake, lakini maji huilowesha na kuipoza. Bei ya fataki iliyoharibika ni shilingi chache. Mimi najua bei ya ile nyingine.

(viii) Asubuhi ya sikukuu, kabla watoto hawajaamka, fagieni uwanja. Wengi hutoka alfajiri kuokota zilizobaki.

TUWAFIKIRIE NA WENGINE

Mlio wa furaha kwako si mlio wa furaha kwa kila mtu. Mtaani kuna mgonjwa wa moyo, kuna mtoto mchanga, kuna mbwa na paka ambao usiku huo hutoroka wakapotea. Tena Kenya yetu imepata misiba ya mashambulizi, na mlio wa ghafla unaweza kuua bila ya kumgusa mtu. Mwezi wa Aprili mwaka 2015, siku chache tu baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, transfoma ya stima ililipuka kwenye bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wameshambuliwa, wakakanyagana, wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia wakaumia. Ilikuwa ni stima tu. Kwa hivyo ukitaka kuwasha fataki, waambie majirani mapema, na kukiwa na saa ya kuanza kuwe na saa ya kumaliza. Huko India kwenyewe, ambako Diwali bila fataki haisemeki, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2018 kuwa zilipuliwe kwa saa mbili tu za usiku wa Diwali, kuanzia saa mbili mpaka saa nne.

Sheria nayo ipo hapa kwetu. Kuna Sheria ya Vilipuzi, ambayo ni Sura ya 115 ya Sheria za Kenya. Wanaorusha fashifashi kubwa za angani hupata kibali kwanza, na kazi hufanywa na watu waliofunzwa. Ndiyo sababu mimi huwaambia wenzangu kuwa njia nzuri kupita zote ni kwenda kutazama zile za wenye ujuzi ukiwa mbali, mikono mfukoni. Unaona zaidi na hulipi hata ndururu.

KUMALIZIA

Wahenga walisema ajali haina kinga, na majirani walimwambia Mama maneno hayo hayo walipokuja kumpa pole. Walitaka kumpoza roho, nami nawashukuru. Lakini nimeifikiria sana methali hii tangu wakati huo, na kwa fataki mimi naikataa. Kinga ilikuwapo. Ilikuwa ni nusu saa. Ilikuwa ni ndoo moja ya maji, nayo ilikuwa uani imejaa. Ilikuwa ni mimi kusema "iache" badala ya kusema "kaichukue".

Mwaka huu tuliposoma naitrojeni na salfa, mwalimu wa Kemia akaeleza habari ya shura kutoa oksijeni. Darasa zima liliandika na kuendelea. Mimi kalamu ilisimama. Nilikuwa nimepata jibu la swali la miaka miwili: kwa nini kitu kilichokufa kilifufuka.

Mdogo wangu hajamwambia Mama kuwa ni mimi niliyemtuma. Hata siku moja, hata tukigombana. Nilipomsomea makala haya kabla ya kuyaleta, nilimwuliza kama niyaondoe yale maneno. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yaache, Dada. Na umpe Mama asome." Basi jarida likitoka, Mama atasoma pamoja nawe.

Mwalimu, nadhani nimekujibu.

Nawatakia nyote likizo njema na sikukuu njema. Ikilia, furahini. Ikinyamaza, iacheni.